Akiba ya Nani?

Wako watu miongoni mwetu, na baadhi yao ni wasomi, wasemao kwamba Kiswahili ni lugha fukara, na ushahidi wautoao ni neno la Kiingereza "reserve". Neno hilo moja, husema wao, hutosha kwa fedha za benki, kwa msitu, kwa wanyama, kwa ardhi, kwa mchezaji anayengoja nje ya kiwanja, na hata kwa haya ya mtu mkimya. Ilhali Mswahili hana budi kutafuta maneno manne au matano. Hiyo ni kasumba. Mpishi mwenye visu vitano haitwi fukara na mwenye kisu kimoja.

Tutazame asili ya neno lenyewe. Waingereza walilipata katika Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambamo "servare" ni kutunza, na kiambishi "re-" ni nyuma. Maana yake, basi, ni kubakiza kitu nyuma kisitumike sasa. Lakini neno halisemi nani amekibakiza, wala kwa faida ya nani. Katika kimya hicho wakoloni walijificha.

Historia ya Kenya ni shahidi. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mkataba na Wamasai, wakatengewa sehemu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, ziwe zao maadamu Wamasai wangali duniani. Haikupita miaka kumi, mkataba mwingine wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia, na walowezi wakaichukua. Tena mwaka 1930 sheria ilitamka kwamba maeneo waliyotengewa Waafrika ni yao daima. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufika mwisho wa mwaka 1932 sheria ile ile ilikwisha kurekebishwa, ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa bila ya kufidiwa kwa ardhi nyingine, na bila ya kwanza kulishauri baraza la wenyeji. Ni akiba gani hiyo, ambayo mwenyewe hana ufunguo wake?

Kiswahili hakiruhusu hila hiyo kupita kwa urahisi. Akiba, neno lenye asili ya Kiarabu, mzizi wake ni kufuata baadaye. Ni kitu cha kesho, na aliyekiweka ndiye atakayekila, yeye au wanawe. Ndiyo maana wahenga wakasema akiba haiozi. Hifadhi ni kulinda kisipotee, kama mwanachuoni anavyoihifadhi Kurani moyoni. Kutenga ni neno letu la Kibantu, nalo lina pande mbili: mgeni hutengewa chakula kwa heshima, na mkosaji hutengwa na jamaa zake kwa adhabu. Kati ya kutengewa na kutengwa pana silabi moja tu, na ndani ya silabi hiyo mna historia nzima. Waafrika wa Kenya waliambiwa kwamba wametengewa, kumbe wametengwa.

Wala tusidhani kwamba swali hili ni la jirani peke yake. Sisi tuna mapori ya akiba na hifadhi za taifa, na twajivunia. Lakini mwaka 1959, chini ya utawala wa Mwingereza, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro ili mbuga ihifadhiwe. Nchi huru ikirithi mipaka hiyo na majina hayo, inapaswa pia kuyatimiza maana yake: akiba iwe ya wananchi, na wanaokaa kando yake wawe miongoni mwa wananchi hao.

Kwa hiyo mwalimu asiandike ubaoni kwamba "reserve" ni akiba, kisha akafuta na kuendelea. Amzoeze mwanafunzi kuuliza maswali matatu kila asomapo kwamba kitu kimetengwa: kimetengwa na nani, kwa ajili ya nani, na nani anayeweza kukitengua? Lugha inayotulazimisha kuuliza hivyo si fukara. Fukara ni yule aliyepewa lugha hiyo akaona haya kuitumia.