Uaminifu Si Kunakili

Kila filamu inapotokana na kitabu, lawama huwa ile ile: "Mbona kitabuni haiko hivyo?" Wengi wanaamini kwamba filamu nzuri ni ile inayofuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kwamba kila badiliko ni usaliti. Imani hiyo ni potofu.

Chukua filamu ya katuni ya Tintin aliyoiongoza Steven Spielberg mwaka 2011. Imeunganisha visa kutoka vitabu vitatu vya vibonzo vya Hergé, mtunzi wa Tintin, na Sakharine, ambaye kitabuni ni mkusanyaji tu wa meli za mfano, amegeuzwa adui mkuu. Tukipima kwa kunakili, filamu hiyo imefeli. Lakini mtazame Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin. Kitabuni anasimulia vita vya babu yake akiwa nyumbani kwake, upanga mkononi. Kwenye filamu yuko jangwani, kiu imemkaba, hana hata tone la pombe. Matuta ya mchanga yanageuka mawimbi, na merikebu inachomoza juu yake. Kisa ni kile kile, ila sasa kinasimuliwa kisinema.

Msomaji wa vibonzo hujipimia mwendo: akipenda hurudi nyuma, akipenda hukaa na mchoro mmoja hadi aridhike. Mtazamaji huenda na mwendo wa filamu. Ndiyo maana mwongozaji hana budi kupanga upya, kufupisha hapa na kuongeza pale.

Na wanaodai kumtetea Hergé waangalie alivyofanya mwenyewe. Kisa cha Tintin nchini Kongo kilianza kuchapishwa mwaka 1930. Alipokichora upya mwaka 1946, aliliondoa somo ambamo Tintin anawaambia watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu za kujumlisha. Hata hivyo, dharau kwa Waafrika ilibaki tele humo. Je, atakayekifanya filamu ainakili nayo, ndipo aitwe mwaminifu? Ikiwa mwandishi mwenyewe hakuona kurasa zake kuwa msahafu, sisi tumepata wapi amri ya kuwakataza wengine wasiziguse?

Mwongozaji ana deni kwa roho ya kisa: ujasiri wa Tintin, hasira na utu wa Haddock, ladha ya safari. Akilipa hilo, hatudai zaidi. Anayetaka kitabu, kipo, akisome. Filamu ihukumiwe kama filamu.