Mwenye ardhi na ang'oe gugu karoti lake

Masika yakiisha, kandokando za barabara za Arusha huchanua maua madogo meupe ya mmea wenye majani kama ya karoti. Mpita njia asiyeujua huuona ni pambo. Mfugaji anayeujua hupatwa na wasiwasi, hasa akiukuta umestawi upande wa pili wa uzio wake, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajakikanyaga tangu alipokinunua.

Mmea huo ni gugu karoti. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, wakati tayari limewasumbua wakulima wa Ethiopia na Kenya. Lina sumu iitwayo parthenini, na sumu hiyo haimbagui mnyama na binadamu.

Ng'ombe mwenye nyasi za kutosha hulikwepa kwa sababu ya uchungu wake, na hapo ndipo hasara inapoanza. Hula nyasi, hulibakiza gugu. Nyasi zinapungua, gugu linapata nafasi, na baada ya misimu michache malisho yamegeuka shamba la gugu karoti. Kiangazi kikikaza, mnyama aliyekosa kitu kingine hulila hivyohivyo. Maziwa yanakuwa machungu, mdomo unatoka vidonda, ngozi inawasha na manyoya yananyonyoka. Akilila kwa wingi anaweza kufa. Mkulima naye, baada ya kulishika mara kwa mara, huanza kujikuna mikono na shingo, na wengine hupata mafua ya mzio au pumu.

Sasa tazama ua lenyewe kwa karibu. Ni dogo, lina kona tano, na kwa kawaida hutoa mbegu tano tu. Lakini mmea mmoja uliokomaa una maua maelfu, hivyo unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 15,000. Mbegu zikifukiwa ardhini hubaki hai kwa miaka kadhaa. Mvua ikinyesha zinaota, na ndani ya wiki chache mimea mipya imechanua. Mbegu husafiri kwa maji ya mfereji, kwa tope la matairi na kwato, kwa mchanga na kifusi cha ujenzi, kwa samadi na kwa mizigo ya nyasi kavu inayouzwa sokoni.

Kwa hiyo mfugaji anayeng'oa kwake peke yake anafanya kazi isiyo na mwisho. Anatokwa jasho Jumamosi nzima, na mvua ya kwanza inamletea mbegu nyingine kutoka kwa jirani. Wajibu wa kuling'oa unapaswa kumwangukia yule ambaye gugu limeota kwenye ardhi yake, awe anaishi hapo au yuko Dar es Salaam, awe mtu binafsi, kampuni au taasisi ya umma.

Wazo hilo si geni. Kenya ina sheria ya magugu hatari, Sura ya 325, inayomtwika mwenye kusimamia ardhi wajibu wa kuyaondoa. Uingereza nako wafuga farasi wamepambana kwa miaka mingi na gugu la maua ya manjano liitwalo ragwoti. Sumu yake huharibu ini la farasi kidogokidogo, na dalili zikijitokeza mara nyingi muda wa kumwokoa umeshapita. Likiwa bichi ni chungu, farasi hulikwepa. Likikaushwa pamoja na nyasi uchungu hupungua lakini sumu hubaki, na farasi hulila bila kujua. Sheria ya magugu ya mwaka 1959 iliipa serikali mamlaka ya kumwamuru mkaaji wa ardhi azuie lisisambae. Mwaka 2003 ikaongezwa sheria mahususi ya ragwoti, na mwongozo wake uliotolewa mwaka 2004 ukaweka kipimo ambacho kila mtu anaweza kukielewa: gugu likiwa chini ya mita 50 kutoka kwenye malisho au shamba la nyasi za kukausha, hatari ni kubwa na hatua zichukuliwe mara moja. Kati ya mita 50 na 100 hatari ni ya wastani. Kwa kipimo hicho majirani wana jambo la kulizungumzia kabla hawajafikishana kwa wakubwa.

Waingereza hawajataka kulifuta ragwoti nchi nzima, kwa kuwa ni mmea wa kwao na wako wadudu wanaolitegemea. Gugu karoti halina utetezi huo hapa. Ni mgeni, na hakuna malisho yatakayopungukiwa likiondoka.

Wapo watakaosema sheria itawaumiza wanyonge. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni serikali kuanza na ardhi yake yenyewe: hifadhi za barabara, viwanja vya shule, kingo za mifereji. Halmashauri ambayo barabara zake zimejaa maua meupe haina uso wa kumtoza faini mjane mwenye robo eka. Mzee au mgonjwa asaidiwe na kikundi cha mtaa. Mwenye kiwanja asiyeonekana ang'olewe gugu lake kisha apelekewe gharama.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Gugu ling'olewe na mizizi yake kabla halijachanua, udongo ukiwa na unyevu. Kulifyeka tu hakutoshi, kwani huchipua tena kutoka shinani. Anayeng'oa avae glavu, mikono mirefu na barakoa, na mwenye pumu asishiriki. Lililochanua lisitupwe kwenye mboji wala kupewa mifugo. Likaushwe na kuchomwa. Palipobaki wazi paoteshwe nyasi, na mifugo isirudishwe mapema, maana nyasi zilizoshonana hulinyima gugu nafasi. Australia, India na Ethiopia wameachia pia mbawakawa mdogo anayekula majani ya gugu hili. Anasaidia, lakini hawezi kuchukua nafasi ya mikono ya watu.

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ina makao yake makuu Arusha kwenyewe. Utaalamu uko jirani. Kinachotakiwa ni sheria ndogo za halmashauri zitaje gugu karoti kwa jina, ziweke umbali kutoka kwenye malisho ya jirani, na zimpe mwenye ardhi siku 14 za kuling'oa tangu apokee barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Madiwani wakilipitisha hilo kabla ya vuli, barua za kwanza zinaweza kutoka gugu likiwa bado halijachanua.