Barabara ya Ubundu: kinga isisahauliwe
Mjini Kisangani kinga ni toleka, hubeba abiria. Ng'ambo ya mto, kutoka Lubunga kuelekea Ubundu, kinga hubeba uhai: mihogo, mkaa na mafuta ya mawese. Mvua ikinyesha lori hukwama. Kinga hupita, mradi kuna daraja la miti na njia iliyofyekwa.

Familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023 zinajua: bila njia salama shamba halifikiwi, na chakula hununuliwa kwa bei kali. Viongozi wasingoje pesa ya lami. Waanze na usalama, waondoe bariere zinazotoza wakulima, kisha waite salongo ya kufyeka. Kinga haidai barabara pana.