Kijana wa Mbinga akirusha ndege, nani anaogopa?

Ndugu msomaji, kwanza tusichekane. Wewe uliyeko kijiweni Manzese, au umekaa stendi ya Mbinga ukisubiri gari la Songea, ukiambiwa kuna watu wazima wenye ndevu na wajukuu wanaokesha gereji miaka miwili wakiunda ndege ya kivita ya mfano, halafu Jumapili wanaipeleka uwanjani na kuirusha kwa redio ya mkononi, utasema hao wameshiba. Na kweli wengi wao wameshiba. Ni wastaafu wa Uingereza, Ujerumani na Marekani, na ndege moja kubwa inaweza kula dola elfu kadhaa kabla haijaonja upepo. Ikianguka, zinabaki kuni.

Lakini usicheke mpaka ujue wanachokifanya. Chukua Spitfire, ile ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili. Mabawa yake yana mita 11 na ushee kutoka ncha hadi ncha. Ukiiunda kwa robo ya ukubwa wake, mabawa yanakuwa mita 2.8, marefu kuliko kitanda chako cha sita kwa sita. Fundi mbumbumbu atadhani kwamba na uzito nao anaugawa kwa nne. Thubutu! Eneo la bawa linagawanywa kwa 16, na ujazo unagawanywa kwa 64. Ndege ya tani tatu inashuka hadi kilo 47 hivi, na hizo bado ni nyingi mno kwa bawa lililobaki. Ukiiacha na kilo hizo itataka kutua kwa kasi ya pikipiki iliyokolea. Ndiyo maana mafundi hao wanapigana na kila gramu, wanatoboa mbao katikati, wanachagua gundi kwa mizani, mpaka ndege nzima ishuke kwenye kilo 20 na kitu. Uingereza, ikizidi kilo 25 huirushi mpaka uwe na kibali maalum.

Hesabu hiyo ya maumbo yanayofanana tulifundishwa sekondari. Tuliinakili ubaoni, tukaikariri, tukaijibu kwenye mtihani, tukaisahau. Hakuna aliyetuambia kwamba inaweza kuruka.

Sasa twende Mbinga na Ziwa Nyasa, maana hoja yangu iko huko. Mtoto wa Lituhi, wa Liuli au wa Mbamba Bay huhitaji kumfundisha kuunda. Ataokota waya, atakata ndala kuukuu apate magurudumu, ataunda lori lenye usukani mrefu anaoushika akiwa wima, na lori hilo linakata kona kweli. Atakuundia ndege kwa mabua na vijiti vya mianzi. Huyo ni fundi wa miaka tisa. Swali ni hili: anapofika miaka kumi na tisa, ule ufundi umekwenda wapi? Mwulize. Atakwambia aliuacha darasa la saba, maana mwalimu alimwambia aache michezo ya kitoto asome. Akasoma, akamaliza kidato cha nne, akarudi kijiweni. Mimi pia niliishia kidato cha nne, nayajua maisha hayo.

Tena si kwamba ndege za kivita ni mambo ya kuletewa na kanda za video. Zilikuja hapa kwetu ndege zenyewe zikiwa bado changa. Mwishoni mwa mwaka 1914 Waingereza walileta ndege ya kutua majini kwenye visiwa vya karibu na Mafia, wakiitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikoko ya mto Rufiji. Rubani wake, Cutler, aliiona manowari hiyo, na kabla mwaka haujaisha akawa mateka wa Wajerumani. Wakaleta ndege nyingine aina ya Sopwith mwaka 1915. Joto letu likazishinda. Gundi ikalainika, mbao za panga zikapasuka. Tarehe 11 Julai 1915, ndege iliyotoka Mafia, na Cull kwenye usukani, ilielekeza mizinga ya meli za Kiingereza hadi Königsberg ikaangamizwa. Ilipigwa ikiwa angani, ikawa inashuka, na mwenzake Arnold akaendelea kutuma maelekezo kwa redio mpaka wakatumbukia mtoni. Wote wawili walitoka hai. Huko Ulaya kuna wazee wanaoziunda ndege za zama hizo kamba kwa kamba. Sisi wenye mto Rufiji hatuna hata picha yake ukutani.

Na Liuli je? Ni hapo hapo, Wajerumani wakipaita Sphinxhaven kwa ajili ya mwamba wake, ambapo tarehe 13 Agosti 1914 boti ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuipiga Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza! Wapo wanaolihesabu kuwa moja ya mapambano ya kwanza ya majini ya vita ile. Kijana wa Liuli anapita pale kila siku na nyavu begani.

Unaweza kunijibu, "Haya, tumesikia historia, lakini ndege zitarukia wapi?" Swali zuri. Umatengoni hakuna tambarare. Milima yote imechimbwa ngolo, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke, na palipobaki pana kahawa. Uwanja wa mpira ndiyo kiwanja cha ndege pekee. Halafu mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, kama sehemu moja ya nane imepungua ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo injini inapoteza nguvu na bawa linabeba kidogo. Ndege iliyoondoka vizuri Dar itamaliza uwanja wa mpira wa Mbinga ikiwa bado inakimbia chini, iende kumalizikia kwenye mahindi ya watu.

Lakini shuka ziwani. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 67 hivi, na mwisho wake unakuta maji yaliyo chini ya mita 500. Ghuba ya Mbamba Bay imekingwa, asubuhi maji yanalala kama mkeka. Ivishe ndege maboya badala ya magurudumu, na umepata uwanja usiohitaji kufyekwa. Hata mashirika makubwa yaliliona hilo. Mwaka 1949 na 1950 ndege za abiria za BOAC, zile Solent za kutua majini, zilikuwa zikishuka Cape Maclear, upande wa kusini wa ziwa hili hili. Unachotakiwa kukiheshimu ni mwera. Wavuvi hawaufanyii mzaha, na wewe mwenye ndege ya kilo nne usiufanyie.

Vifaa navyo si vya ajabu kama unavyodhani. Mbao ya balsa, inayopendwa na mafundi wa dunia nzima kwa wepesi wake, hutoka zaidi Ekuado. Sisi tuna mianzi, na tuna yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki na dawa, yanayotupwa kila gulio. Mwaka 1915 gundi iliwashinda Waingereza. Leo gundi inayovumilia jua inauzwa dukani. Injini? Ndege nyingi kubwa za mfano zinaendeshwa na injini za petroli za ukoo mmoja na zile za mashine za kufyekea majani na za msumeno wa mnyororo, ile chensoo ya wapasua mbao. Kijana anayeifungua chensoo porini akaisafisha kabureta kwa jani la nyasi, huyo injini ya ndege haimtishi. Kilichobaki ni redio ya kuongozea, betri na zile mota ndogo za kukunja mkia na mabawa. Hizo ni za kununua, hapo sikudanganyi. Ila seti ya kuanzia ni bei nafuu kuliko simu nyingi ninazoziona vijiweni.

Tatizo, ndugu yangu, liko mezani kwa wakubwa.

Nchi hii ilitunga kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2018. Ukitaka kurusha, unatakiwa upite Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usalama wa nchi una neno lake kupitia Wizara ya Ulinzi. Sisemi kanuni ni ubaya. Mtu akirusha chombo chenye kamera juu ya kambi ya jeshi, au karibu na njia ya ndege ya abiria, ashughulikiwe. Lakini soma kanuni kwa macho ya kijana wa Lituhi. Zimeandikwa kwa ajili ya kampuni ya kupima ardhi, ya watalii, ya wapiga picha za harusi za vigogo. Mwenye mianzi na maboksi ya samaki yuko mafungu yale yale na mwenye mtambo wa mamilioni. Atafunga safari ya kwenda Dar es Salaam kuombea kibali bawa la mita moja? Hatafunga. Atafanya moja kati ya mawili: aache, au arushe kwa kujificha siku mgambo wakiwa mnadani.

Naelewa hofu inatoka wapi. Ukanda ule ni mpakani. Mwaka 2012 mzozo wetu na Malawi juu ya ziwa ulipamba moto kwa sababu ya utafiti wa mafuta. Wazee wa Ruvuma wanakumbuka vita ya ukombozi wa Msumbiji, Wareno wakiwa na ndege za Fiat G.91 angani na kambi ya wanamaji Metangula, kwenye ziwa hili hili. Mwaka 1979 ndege ya Libya, Tu-22, ilitumwa kuipiga Mwanza kumsaidia Iddi Amin, mabomu yakaenda kuua wanyama kwenye hifadhi ya Saanane. Na tangu mwaka 2022 dunia imeona Ukraine jinsi vifaa vya mchezo huu huu vinavyofungwa mabomu. Kwa hiyo askari akikuuliza unarusha nini, usimbishie, mwonyeshe.

Ila tuwaulize hao waoga: wenzetu hawana mipaka? Malawi, tunaogombana nao maji, walifungua anga maalum ya majaribio ya vyombo hivi Kasungu mwaka 2017, wakishirikiana na UNICEF. Mwaka 2020 ukafunguliwa Lilongwe mradi wa chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika kuviunda na kuvirusha. Kanuni zao pia zinataka vibali, na hawakulala.

Na sisi tuliweza, tulipotaka. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter ya Ujerumani walirusha chombo chenye dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji, kwa wastani wa dakika 40. Majaribio yalikwenda miezi sita. Kibali kilipatikana! Anga ilikuwa salama! Wageni walipoomba, milango ilifunguka, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa. Chombo kilikuwa cha Mjerumani. Sasa tazama pwani ya Nyasa, vijiji vinavyofikiwa kwa mtumbwi mwera ukipenda, na uniambie kama hakuna kazi ya ndege ya kilo kumi pale. Nani ataiunda? Ataiunda yule aliyekwisha kuangusha Spitfire zake nne za maboksi majini, akajua kwamba uzito ukikaa nyuma ya theluthi ya kwanza ya bawa ndege inainua pua na kudondoka kama embe. Mambo hayo huyapati kwenye semina ya siku tatu yenye posho.

Ninachodai si kikubwa. Ndege iliyoundwa nyumbani, isiyo na kamera, inayorushwa machoni pa mwenyewe, chini ya mita 120, mbali na viwanja vya ndege, itengwe kwenye kanuni na iandikishwe wilayani bila ada. Kila wilaya itaje uwanja mmoja na saa zake, Nyasa itaje kipande cha ufukwe, na polisi na JWTZ wapewe ratiba ili asishtuke mtu. VETA wafungue milango Jumamosi, vijana watumie mashine za kupasulia mbao ambazo siku hiyo zimelala tu.

Kwa wakati huu nawauliza wakubwa wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga swali moja tu, na gazeti hili litachapa jibu lao. Kijana wa Lituhi akiandika barua leo kwamba ameunda ndege ya kivita ya mianzi, mabawa mita mbili, na anaomba kuirusha Jumapili asubuhi juu ya maji, barua hiyo aipeleke dirisha gani, na atajibiwa baada ya siku ngapi?