Sambaza wa Kivu wahesabiwe usiku, na wavuvi wenyewe

Mama anayeuza sambaza Birere hujua mapema kama ziwa limetoa au limenyima. Bei ikipanda asubuhi, mboga ya jioni inapungua katika nyumba nyingi za Goma. Lakini bei haisemi ni samaki wangapi wamebaki majini.

Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mchana hushuka chini, usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula. Hawawezi kushuka sana: kwenye mita 60 hivi hewa ya oksijeni inakwisha, na chini kabisa kumejaa gesi ya methani na kaboni. Ziwa lina kina cha mita 485, ila samaki wa kula wako kwenye tabaka hilo jembamba la juu. Wakivuliwa ovyo, hakuna akiba iliyofichwa chini.

Mwaka 2006 ilibainika kwamba samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ameingia Kivu. Mgeni wa namna hiyo huonekana kwanza ndani ya wavu, si ofisini.

Australia wameanza kuhesabu konokono wa baharini wasio na gamba tangu 2013, kwa msaada wa wazamiaji wa kujitolea. Wengi wa viumbe hao hujificha mchana, kwa hiyo wapo wanaoingia majini usiku kutoka ufukweni, tochi mkononi. Wanapiga picha, wataalamu wanatambua aina.

Goma haihitaji hata mzamiaji. Wavuvi tayari wako ziwani kila usiku usio na mbalamwezi kali, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zikiwaka. Kinachokosekana ni mizani, rula na daftari pale wanapotua alfajiri: uzito, urefu wa samaki, ukubwa wa matundu ya wavu.

Wavuvi watauliza kama daftari hilo halitageuka kitabu cha kodi. Wana haki ya kuuliza, maana mikono inayowadai ni mingi. Basi likae kwa ushirika wao, nakala ipewe watafiti wa Kongo na wa Rwanda, kwa kuwa sambaza hawana laisser-passer. Na anayewakamata wanaovua wadogo kwa chandarua kando ya ziwa aje na namba hizo mkononi. Bila namba, anaonekana mnyang'anyi tu.