TAMKO LA TAWI: KITENGO CHA ELIMU MAALUMU NI CHA NANI?



Tunajua wengi mnasubiri taarifa ya barabara. Ipo, tutaituma Jumatano. Leo tunaomba mtusomee jambo ambalo halijawahi kuwa ajenda katika kikao chetu hata kimoja tangu uongozi huu uingie, na hilo tunalisema kwa aibu kidogo.

Mwezi uliopita viongozi watatu wa Tawi tulimsindikiza mama mmoja, mwanachama mwenzetu, kumrudisha mwanawe shuleni. Mtoto haoni. Shule yenyewe haiko Uru, hatutaitaja, na mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Ni shule ya msingi ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu na bweni. Tukiwa tunasubiri, mwenzetu mwenye mazoea ya hesabu alisimama mbele ya ubao wa matangazo akasoma mapato na matumizi. Fedha za uendeshaji zilionekana. Fedha za chakula cha bweni zilionekana. Ila upande wa matumizi kila kitu kimerundikwa pamoja, na neno "kitengo" halipo popote. Tulipouliza habari za mashine ya kuandikia nukta nundu, tuliambiwa imeharibika na iko kabatini tangu mwaka jana, fedha ya matengenezo haikutosha.

Inawezekana ni kweli haikutosha. Lakini kwa ubao ule, hakuna mtu angeweza kujua.

Ndugu zetu, tukizungumzia elimu ya watoto wenye ulemavu tunakimbilia upungufu wa walimu na majengo. Upungufu upo, hatubishi. Sisi leo tunataka kuuliza habari ya uongozi: nani anaamka asubuhi akijua kwamba kitengo kile ni jukumu lake, na nani anamuuliza jioni?

Kwa karatasi, ngazi zipo. Kuna mwalimu mkuu, kuna mwalimu anayesimamia kitengo, kuna kamati ya shule, kuna Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, na juu yao TAMISEMI na Wizara. Tangu 2016 Serikali inampa mwalimu mkuu wa shule ya msingi posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na ruzuku ya uendeshaji inapimwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Mtoto anayeona anaandikia daftari na kalamu ya duka la jirani. Mtoto asiyeona anahitaji karatasi ngumu, mashine, na kitabu cha nukta nundu chenye unene wa tofali. Shilingi 10,000 ni ileile kwa wote wawili. Vifaa vyao vinatakiwa kuja kwa njia nyingine, na njia hiyo inahitaji mtu wa kuomba, kufuatilia, kupokea na kusaini. Asipokuwepo mtu huyo, vifaa havifiki, wala havilalamikiwi.

Tena mwalimu mkuu anapimwa kwa nini? Kwa matokeo ya darasa la saba. Tusimlaumu bure, ndivyo sisi wenyewe tunavyompima. Matokeo yakitoka tunayasambaza kwenye makundi haya haya, shule ya kwanza kata, shule ya mwisho kata. Kwa hiyo darasa la saba likikosa mwalimu wa hisabati, anachukuliwa wa kitengo. Mwalimu aliyesomea elimu maalumu pale Patandi, Tengeru, aliyefundishwa lugha ya alama au nukta nundu, anaishia kusimamia majaribio ya Jumamosi, na watoto wake wanakaa chini ya mti wakisubiri. Huu ni uamuzi wa uongozi, na unaweza kubadilishwa bila kujenga hata chumba kimoja.

Na kuna usiku. Oktoba 25, 2022 moto uliwaka bwenini katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, nchini Uganda, watu 11 wakafa. Haukupita muda, Novemba mwaka huohuo, moto ukaua watoto watatu katika bweni la Buhangija, Shinyanga. Buhangija mnaifahamu: ndiko walikokimbiziwa watoto wenye ualbino wakati wa yale mauaji, mpaka shule ikajaa kupita uwezo wake. Baada ya matukio kama hayo viongozi huenda, rambirambi hutolewa, tume huundwa. Maswali yenyewe ni madogo mno. Ufunguo wa bweni usiku unakaa kwa nani? Matroni analala ndani au nyumbani kwake? Mtoto asiyesikia ataamshwaje, na kengele haisikii? Mtoto asiyeona amewahi kufundishwa kwa mazoezi kutoka kitandani hadi mlango wa pili? Je, mlango wa pili upo? Siku ile ya safari yetu tuliuliza la ufunguo. Tulijibiwa, "unakuwepo tu."

Wazee wetu wa Uru waliendesha mfongo bila mhasibu. Kila mmoja alijua zamu yake, na wa mwisho kule chini alijua ni mzee gani wa kumwendea maji yasipofika. Watoto wa kitengo ndio wako mwisho wa mfongo, na hawana mzee wa kumwendea. Wazazi wao wako mbali, wengi ni akina mama peke yao, nauli ya kuhudhuria kikao ni shida. Kwa hiyo kamati ya shule inajaa wazazi wa jirani, ambao watoto wao hawalali bwenini wala hawatumii mashine ile. Wanapitisha bajeti kwa nia njema kabisa, na kitengo hakikumbukwi.

Hatusemi kila mahali ni hivyo. Hapa hapa mjini Moshi, Shule ya Msingi Mwereni imekuwa ikisomesha wasioona na wenye ualbino pamoja na wenzao. Pale KCMC yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino. Tumebahatika kuliko mikoa mingi. Lakini mafuta yako KCMC, mtoto yuko bwenini, na katikati lazima awepo mtu mwenye jina anayekumbuka kwenda kuyafuata.

Na sisi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tawi hili halijawahi kumuuliza mwenyekiti yeyote wa kijiji kama kamati yake inakaa. Tulipoanza kuuliza wiki hii, mabalozi wawili walitutajia watoto ambao hawajawahi kupelekwa shule, wako ndani ya migomba. Mmoja ana miaka 11. Mwaka wa uchaguzi tulipita nyumba hiyo mara mbili kuomba kura.

Kwa hiyo Kamati ya Tawi imeamua yafuatayo. Madiwani wetu wataomba kwenye Baraza kwamba kila shule yenye kitengo ibandike mapato na matumizi ya kitengo peke yake, na kwamba mzazi mmoja wa mtoto wa kitengo awe mjumbe wa kamati ya shule, nauli yake ikiwa imepangwa kwenye bajeti. Wataomba pia taarifa ya ukaguzi wa mabweni, yenye jina la mwenye ufunguo. Sisi Tawi tutachangia matengenezo ya ile mashine iliyoko kabatini. Makisio ya fundi yakipatikana tutayaweka hapa, pamoja na risiti.

Mabalozi, leteni orodha ya watoto wenye ulemavu katika mashina yenu, walio shuleni na walio nyumbani. Majina msiyaandike kwenye kundi hili, mkabidhini Katibu mkononi. Kikao ni Jumapili baada ya ibada ya pili, ofisi ya Tawi. Yule mama atakuwepo na atapewa nafasi ya kwanza kusema.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Uru.