Msiizibe Tarakilishi Kinywa

Nina neno na wenzangu wa Fomu Tatu tunaosoma somo la tarakilishi. Siku hizi kila mtu akiandika faili ya bechi, mstari wa kwanza ni @echo off. Ati skrini ipendeze! Waama inapendeza, lakini sisi tunaojifunza tunanyimwa kuona ni amri gani imetoa jibu lipi. Kazi ikikwama, utajuaje imekwama wapi?

Najua mtasema tukiiacha wazi skrini hujaa takataka. Ni kweli. Kabla ya kila amri mashine hukariri njia nzima ya folda, C:\Users na mlolongo wake wote, kama utingo wa matatu anayetaja Mombasa, Mariakani, Mackinnon Road, Maungu na Ndara kila anapodai nauli. Hata hivyo, dawa si kumziba utingo kinywa. Mwambie aseme kwa ufupi!

Amri yenyewe ni prompt, nayo si ngeni. Imo tangu MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983. Juu ya faili andika:

@prompt Amri ya saa $T$G$S

Ile @ huuficha mstari huo, $T huleta saa, $S ni nafasi, na $G huchora alama ya >. Usiiandike > yenyewe, maana mashine itadhani unatuma maandishi kwenye faili nyingine.

Sisi wa kutwa hatuna saa za jioni maabarani; lazima tufike nyumbani kabla ndovu hawajatoka. Tunachobeba ni daftari. Skrini tunainakili kwa kalamu, na mistari ikiwa mifupi tunaimaliza kabla ya kengele.

Wapo wanaosema njia ya folda ina faida. Hapo nawaunga mkono nusu: faili ikiwa na amri ya del, acheni $P ionekane, mjue mnafuta wapi. Tena ukimaliza, andika prompt peke yake mwisho wa faili, mashine irudie desturi yake. Tarakilishi moja tunaitumia watu wanne. Anayekufuata asikute dirisha lina jina la timu yako ya kandanda.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima kwa Kiswahili. Yetu ni mstari mmoja tu, mbona tushindwe? Naomba Chama chetu kichague neno la kutumia maabarani. Mimi napendekeza "Hatua". Mwenye bora kuliko hilo alilete mkutanoni.